Mirathi ya Mtu Aliye Hai

Picha ilipoingia kwenye kundi la familia, Bi Hamdiya alikuwa kakaa sebuleni kwake Khuwair ya Kusini, Maskati, miguu imo ndani ya beseni la maji moto na chumvi, anasubiri magoti yampe ruhusa ya kusimama. Simu ikalia ting. Kisha ting nyingine. Kisha zikafuatana kama mvua ya mawe juu ya bati, maana familia ile ikipata kitu cha kusifia haina breki: mioyo, makofi, mashallah zenye herufi za kujivuta, na shangazi mmoja wa Nizwa aliyeharakisha mno akatuma rambirambi.

Bi Hamdiya akavaa miwani. Lilikuwa tangazo la maonyesho, limetumwa na mwanawe mkubwa, Hisham. Juu limeandikwa: *Marehemu Marhoon, wa kwanza kuwapiga picha ndege wa majabali ya Maskati*. Chini yake picha ya zamani, nyeusi na nyeupe: ndege kafungua mabawa, mkia mrefu mwembamba unamfuata kama utepe wa zawadi, anatua kwenye tundu la jabali, na bahari iko mbali chini yake.

Ndege yule Bi Hamdiya alimjua kuliko alivyowajua baadhi ya wakwe zake. Picha ile aliipiga yeye, kwa vidole hivi hivi ambavyo sasa vinashindwa kufungua chupa ya achari.

"Bashayer!" akaita. "Hebu njoo unambie, macho yangu ndo yananidanganya au baba yako?"

Bashayer, binti wa Hisham, alikuwa kajilaza kwenye kochi la pili. Alihamia kwa bibi yake kwa sababu chuo kiko karibu na, kama alivyosema mwenyewe, friji ya bibi haiulizi maswali. Akainuka nusu. "Macho yako yana dawa yake, Bibi. Baba hana dawa."

"Tazama hapa. Unaona nini?"

"Ndege."

"Hapa nyuma."

Bashayer akaichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili. Akaikuza tena. "Jabali. Na kivuli cha mtu juu ya jabali. Kivuli kirefu, kina miguu kama ya korongo." Akaisogeza picha huku na huku. "Lakini Bibi, mtu mwenyewe yuko wapi?"

"Mtu mwenyewe ni babu yako," alisema Bi Hamdiya. "Alikuwa hapo anakwenda zake. Wamemfuta."

Akatoa miguu kwenye beseni bila ya kungoja ruhusa ya magoti, na maji yakamwagika mpaka kwenye zulia la Irani, lile ambalo wajukuu walikuwa hawaruhusiwi hata kulipitia na soksi. Bashayer ndipo alipojua kwamba jambo hili si la mchezo.

Ilivyokuwa ni hivi. Bi Hamdiya na Marhoon walioana Unguja, wakaja Maskati wakati nchi ndo kwanza inafungua macho, na Marhoon akapata kazi ya karani kwenye Bandari ya Sultan Qaboos. Ijumaa baada ya sala, watu wengine walikwenda kutembeleana. Wao wawili walikodi mashua ndogo, wakateremka nyuma ya kijiji cha Qantab, wakapanda jabali. Kamera ilikuwa ya Hamdiya. Baba yake, mzee Ghaith, alimpa siku ya harusi, wakati mabibi harusi wengine wanapewa cherehani, na watu wa mtaani wakasema mzee huyu kavurugikiwa.

Ndege wale wa mkia mrefu walikuwa wagumu. Ukionekana tu kwenye ukingo wa jabali, mama ndege hatui. Anazunguka hewani, anapiga kelele, kinda linalia njaa tunduni, na wewe unarudi nyumbani na picha ya mawingu. Hamdiya akashona kibanda kwa magunia ya mchele, akayapaka udongo yafanane na jiwe. Ndege akakizoea kibanda, lakini alipomwona mtu anaingia, hakutua. Alijua yumo.

Ndipo walipoivumbua hila yao. Waliingia wote wawili, wakajibana, kisha mmoja akatoka akaenda zake waziwazi, akipunga mikono, akipiga miluzi, ndege amwone vizuri. Ndege hajui hesabu. Kaona mtu kaingia, kaona mtu katoka, basi kwake nyumba tupu. Akatua.

Na nani abaki ndani? Marhoon alikuwa mrefu kama mlingoti wa bendera. Akikaa kibandani magoti yake yanatokeza kama mtu anayechungulia. Kwa hiyo kila Ijumaa aliyeondoka ni Marhoon, na aliyebaki chini ya magunia, jasho linamtiririka mpaka kwenye lenzi, ni Hamdiya. Na picha ile bora kuliko zote ilimnasa ndege anatua mbele, na Marhoon nyuma, mdogo kama njiti ya kiberiti, anaondoka.

Sasa njiti ile haikuwapo.

Bi Hamdiya akampigia Hisham simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Ikaja sauti ya Hisham mwenyewe, iliyorekodiwa, ya upole, ikiomba aache ujumbe. "Ujumbe!" akaifokea simu. "Mimi nimekuzaa, siachi ujumbe! Naja!" Kisha akamgeukia Bashayer. "Zinachapishwa wapi?"

"Huko Ghala, mtaa wa magereji. Kwenye karakana ya mabango. Baba yuko huko huko tangu asubuhi, maonyesho yanafunguliwa kesho." Bashayer alikuwa kashika funguo tayari. "Lakini Bibi, usimle mbele za watu."

"Ntamla kwanza, watu watakuja baadaye."

Njia nzima Bi Hamdiya alikuwa anaitazama picha kwenye simu. Bashayer alijaribu kichekesho kimoja kwenye taa nyekundu, akakiacha njiani. Walipofika Ghala wakapita gereji moja baada ya nyingine, magari yamepandishwa juu yanaonesha matumbo, mpaka wakafika kwenye karakana iliyonuka wino na gundi.

Hisham alikuwa kasimama katikati, dishdasha yake nyeupe imepigwa pasi hata pale pasi isipofika, mikono nyuma, anakagua mabao makubwa ya picha yaliyoegemezwa ukutani. Alikuwa mkurugenzi kwenye ofisi moja ya serikali, na hata nyumbani alitembea kama anayekagua. Alipomwona mama yake, mikono ikashuka.

"Mama! Nani kakuleta huku? Huku kuna vumbi, kuna madawa..."

"Kanileta hasira. Bashayer kaendesha tu."

Bashayer akainua mikono. "Mimi dereva, Baba. Madereva hawahojiwi."

Bi Hamdiya akampita mwanawe, akaenda moja kwa moja kwenye bao kubwa kuliko yote. Ndege wake alikuwa mkubwa kama mlango. Nyuma, juu ya jabali tupu, kivuli cha Marhoon kilikuwa kimelala peke yake, bila ya mwenyewe, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Nani kafanya kazi hii?"

Kutoka nyuma ya kompyuta akajitokeza kijana mmoja mwenye kalamu sikioni. Jina lake Hatem, watu wake walitoka Tabora, na alizungumza Kiswahili cha nyumbani kwao, taratibu, kila neno limeoshwa. "Shikamoo mama. Ni mimi. Niliambiwa mtu afutwe, nikamfuta."

"Na kivuli?"

Hatem akaitazama picha, akakuna kichwa. "Kivuli hakikutajwa, mama."

Bashayer akaguna kwa kicheko, akajidai anakohoa.

"Hatem, tuache kidogo," alisema Hisham.

"Akae," alisema Bi Hamdiya. "Yeye kafuta anachoambiwa. Nnataka kujua aliyemwambia. Hisham, baba yako kakukosea nini?"

Hisham akasogea karibu, akateremsha sauti, ile sauti ya msibani. "Mama, nimekusitiri."

"Umenisitiri na nini? Kwani nilikuwa uchi?"

"Wanakuja wakubwa kesho, na wageni, na watu wa magazeti. Mtu akiona baba kwenye picha anaondoka, la kwanza atauliza: basi aliyepiga nani? Nitamjibu nini? Mama yangu, mke wa mtu, kijana, kakaa juu ya jabali ndani ya magunia, peke yake..."

"Sikuwa peke yangu! Mume wangu alikuwa nyuma ya mwamba anakula mandazi yangu!"

"Mimi najua. Wao hawajui. Watu wana midomo, Mama."

"Basi si uwafute midomo! Mbona umemfuta baba yako?"

"Nimekulinda."

"Umemfuta baba yako ili unifiche mimi, kisha picha yangu ukampa yeye. Sasa yeye hayupo kwenye picha na mimi sipo kwenye jina. Ndege kajipiga mwenyewe?"

Bashayer akashindwa kujizuia. "Baba, hata wezi hufuta alama za vidole. Hawafuti wazee wao."

"Wewe nyamaza!" Hisham alimkemea, na ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupanda. Ikampita Bashayer ikagonga mabati ya karakana. Mafundi wawili waliokuwa wanakata mbao nje wakazima msumeno, si kwa heshima, kwa kutaka kusikia vizuri.

Hisham akavuta pumzi. Akajaribu mlango mwingine. "Haya. Tuandike *Familia ya Marhoon*. Hapo umo ndani."

"Ati familia! Familia haikukaa kwenye magunia. Familia haikuumwa na sisimizi ikajizuia kujikuna ndege asishituke. Wewe mwenyewe siku ile hata mimba hujawa!"

"Mama..."

"Nnataka jina langu. Hamdiya binti Ghaith. Na mume wangu arudi pale alipokuwa. Sitaki zaidi, na sikubali pungufu. Kama hayo hayawezekani, ndege wangu hawatundikwi."

Hapo Hisham akachoka. Uso wake ukakaa sawa, kama mtu anayefunga droo. "Mama, nisingependa kulisema hili. Lakini wa kusema zitundikwe au zisitundikwe ni mimi. Sanduku lile ni fungu langu. Baba alipofariki tuligawa kila kitu kwa sheria, mbele ya mwalimu wa mirathi, kila mmoja kachukua haki yake. Ndugu zangu walichukua gari na shamba, mimi nikapata kamera na picha. Na wewe ulipewa thumni yako, fungu la nane la mjane. Au hukupewa?"

Alipewa. Bi Hamdiya aliikumbuka siku ile vizuri kuliko alivyotaka. Alikuwa ndani ya eda, chumba cha nyuma, mlango umerudishwa, tasbihi mkononi. Wanaume walikuwa ukumbini na mwalimu wa mirathi, wanataja vitu kimoja kimoja. Gari ya nani? Ya marehemu. Saa ya nani? Ya marehemu. Shamba la Barka? La marehemu. Kisha akasikia sauti ya Hisham: "Na kamera ya baba, na sanduku la picha za baba." Mwalimu akasema, "Haya, iandikeni." Hakuna aliyeuliza. Na yeye, mjane wa siku chache, na mumewe ndo kwanza kaingia mchangani, aliona aibu kupiga kelele kupitia mlango kwa ajili ya sanduku. Atasema baadaye. Eda ikaisha, watoto wakasambaa, na sanduku likaenda kukaa juu ya kabati la Hisham, halimsumbui mtu.

Mpaka leo.

"Rudia," alisema Bi Hamdiya. Sauti ilikuwa ndogo sasa, na Bashayer akaacha kuegemea ukuta. "Nilipewa nini?"

"Thumni yako, Mama."

"Thumni ya nini?"

"Ya mali yote ya baba."

"Kamera ile nimepewa na baba yangu, Unguja, siku ya harusi yangu. Nimevuka nayo bahari imo ndani ya nguo zangu. Picha nimepiga mimi. Nikazisafisha mimi, jikoni kwangu, nimeziba dirisha kwa blanketi, na miaka ya baadaye wewe mgongoni unalia. Baba yako hakuwahi hata kujua filamu inatiwa upande gani." Akamsogelea mwanawe. Alikuwa mfupi, alimfika kifuani, na Hisham alirudi nyuma hatua nzima. "Wewe ndo mwanazuoni wa nyumba. Nijibu. Mirathi hurithiwa kwa nani?"

"Kwa maiti, Mama."

"Mimi nimekufa lini?"

Bashayer, ambaye angeweza kutania kwenye foleni ya chanjo, alitazama viatu vyake.

"Nnakuuliza, Hisham! Nimekufa lini? Nani kaniosha? Mmenikatia vipande mali yangu nikiwa chumba cha pili nnapumua, mkanitupia kipande kimoja, na mimi nikasema ahsanteni!"

Sasa, mtu angeweza kumwambia Hisham kwamba ni mkali, kwamba ni baridi, kwamba anaogopa midomo ya watu kama paka anavyoogopa maji, na asingejali. Lakini haramu aliiogopa kwelikweli. Huyu ni mtu ambaye tende za mtende wa jirani zikianguka uani kwake, alizikusanya kwenye mfuko akazirudisha mlangoni kwa jirani, na jirani mwenyewe kachoka kumwambia ale. Miaka yote hii alikuwa akisema *fungu langu*, halali bin halali. Rangi ikamtoka usoni.

"Hukusema, Mama."

"Hukuuliza! Mliuliza saa ya nani! Saa yenyewe mbovu! Kamera hamkuuliza, kwa sababu haikukupitieni akilini kwamba mwanamke aliyeko chumbani anaweza kuwa na kitu kisichokuwa sufuria!"

Hisham akainua mkono akajipangusa kipaji cha uso kwa ncha ya msara wake, kilemba cha Kiomani, yeye ambaye msara wake haukuwahi kuguswa na kitu isipokuwa pasi. Akatazama mabao ukutani, moja baada ya jingine, kama mtu anayehesabu kilichoibwa nyumbani kwake na kugundua mwizi ni yeye.

"Nisamehe," akasema.

"Msamaha utangoja. Kwanza majina."

"Mabao yote yameshachapishwa..."

"Yachapishwe tena."

"Kesho asubuhi ndo..."

"Hisham."

Hisham akamgeukia Hatem. "Ile picha ya asili, kabla hujafuta, unayo?"

"Ninayo, mzee," alisema Hatem. "Mimi sifuti kitu jumla. Huwa nafuta nakala." Akamtazama Bi Hamdiya kwa woga kidogo. "Niandike vipi, mama?"

"Hamdiya binti Ghaith."

"Niongeze *mke wa marehemu*..."

"Unataka na wewe nikuulize nimekufa lini?"

"Hamdiya binti Ghaith," alisema Hatem upesi, na vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuandika.

Hisham hakungoja. Alibusu kichwa cha mama yake, na mama yake akamwacha abusu, lakini hakukiinamisha. Kisha akatoka. Kupitia mlango mkubwa Bashayer alimwona baba yake kakaa ndani ya gari, hakuwasha, kashika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayefundishwa.

"Umeshinda, Bibi," alinong'ona. "Wallahi umempiga mkurugenzi bila ya kumgusa."

Bi Hamdiya alikuwa anaitazama mashine ya kuchapia.

Mashine ile ilikuwa ndefu kama jeneza, na kichwa chake kilikwenda kushoto, kikarudi kulia, kikienda kinaacha mstari mwembamba wa picha, kikirudi kinaacha mwingine. Ilianza kutoka mbingu, nyeupe tupu. Kisha ncha ya jabali. Kisha, upande wa kushoto, doa dogo jeusi ambalo lilikuwa kofia. Chini ya kofia shingo. Chini ya shingo mabega yale membamba yaliyoteremka, ambayo Bi Hamdiya aliyashonea mashati maisha yake yote kwa sababu ya dukani hayakumkaa. Mkono mmoja hewani, unapunga. Miguu. Na mwisho kile kivuli, kikapata mwenyewe.

Marhoon alikuwa anaondoka. Mgongo tu.

Hatem akaikata karatasi, akaitandaza juu ya meza. Bi Hamdiya akasogea, akavua miwani iliyoloa, akaifuta, akaivaa tena.

"Bibi? Mbona tena? Si umepata ulichotaka?"

"Nilimwambia asigeuke," alisema Bi Hamdiya. "Ukigeuka ndege atakushuku, nilimwambia. Nenda tu. Akaenda, alikuwa mtu msikivu." Akafuta pua kwa ukingo wa mtandio, kwa hasira, kama pua nayo imemkosea. "Kisha picha zikajulikana. Wakaja watu nyumbani, mabwana wa bandarini, Wazungu wa melini, wanamsifu. Mimi niko nyuma ya pazia na birika la kahawa, nnasikia. Wakimuuliza umewezaje, anasema, *alhamdulillahi, nilibahatika*. Nili, si tuli. Nnangoja labda leo ataongeza neno. Labda ataligeukia pazia. Watu wakienda, ananibusu mkono, anasema, 'Hamdiya, wamependa sana picha zako.' Zako! Chumbani zangu, ukumbini zake. Mpaka kafa."

Bashayer akasogea akasimama bega kwa bega na bibi yake.

Bi Hamdiya aliinama juu ya meza mpaka miwani ikakaribia kugusa karatasi. Akakinyoosha kidole cha shahada na kumdunga mumewe katikati ya mgongo, pale baina ya mabega.

"Marhoon," akasema, "ndege karuka zamani. Geuka basi, mshenzi wewe!"

Wino ulikuwa mbichi. Hatem akafungua mdomo kumwambia asiguse, na Bashayer akamkanyaga mguu.